Koti la Njano Kwenye Picha ya Mwisho ya Anyesi

Nilimshukia jirani yangu na panga mkono wa kulia, mkono wa kushoto nimeshika picha.

Picha yenyewe aliipiga marehemu mke wangu, Anyesi, dakika chache kabla hajapasuliwa kichwa.

Mimi shule niliishia darasa la tano. Mkikuta herufi imekaa vibaya, nisameheni. Kosa langu kubwa siyo la herufi.

Kwetu ni Kibosho juu, msitu unauona ukiwa mlangoni. Kijiji sikitaji, wenyewe watajijua.

Anyesi alikuwa anapiga picha za msituni. Mbega, maporomoko, ndege, mlima ukivua mawingu alfajiri. Anazichapa nyumbani kwa printa ya wino, anauza kwenye hoteli za wageni Moshi mjini.

Ile printa aliilea kama mtoto mchanga. Kila Jumatatu lazima ichape kitu, oda iwepo isiwepo.

"Wino ukikaa unaganda kama damu," alikuwa akiniambia.

Kwanza anatoa karatasi ya mistari ya rangi nne. Anaikagua jicho moja limefumbwa, kama anatunga sindano. Mstari ukikatika, hachapi picha mpaka asafishe kichwa cha wino. Kuizima ni kwa kitufe, ili ijifunike kichwa yenyewe. Ukichomoa tu waya ukutani, siku hiyo hamuongei.

"Mbona mimi hunifuniki hivyo?" nilimtania.

"Wewe huna rangi, Kastori."

Tukacheka. Ndiyo hivyo.

Mwezi wa tano, katikati ya masika, alikutwa korongoni. Kichwa kimefunguka. Kamera imesagwa kwa jiwe.

Viongozi wa kijiji wakaandika: aliteleza.

Kuteleza gani kunasaga kamera? Niliuliza. Nikaambiwa nina uchungu, nikalale.

Siku ya mazishi, Sylvanus, mwenyekiti wa kamati ya msitu, alibeba jeneza upande wa mbele. Alilia kuliko mimi.

Ukoo wetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaanuliwe. Baba mkubwa Yakobo akachomoa waya wa printa ukutani, akaifunika shuka jeupe. Ilikaa wiki sita.

Siku ya kugawa nguo, kwenye pindo la kanga aliyofia nikakuta fundo. Ndani yake, memori kadi ya kamera. Aliichomoa akaificha kabla hawajamfikia.

Ningeipeleka studio mjini, dakika tano zingetosha. Sikutaka. Nilitaka printa yake ndiyo iseme.

Kioo chake kidogo kilishakufa, ila vitufe nilivijua kwa kumwangalia. Nikachomeka kadi, nikabonyeza zichapwe zote. Karatasi ya mistari nikairuka. Subira hiyo ningeitoa wapi?

Ya mwisho ikatoka na michirizi.

Mtu amesimama juu ya mti ulioangushwa, ameshika chenso, msumeno wa injini. Kofia ya koti imemfunika uso. Koti la mvua. La njano.

Msitu nao ulikuwa wa njano, majani kama ya mgomba mgonjwa. Niliona. Sikujiuliza.

Kijiji kizima koti la njano lilikuwa moja, la Rodrick, alilipata kwenye kibarua cha barabara. Na Rodrick, kiangazi kabla ya masika hayo, aligombana na Anyesi kwa zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Alimwambia mbele za watu, "Ipo siku utayanywa na damu."

Nikachukua panga.

Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Kastori, mbe, karibu..."

Pigo la kwanza alilikinga kwa mkono. Vidole vitatu vikaanguka kwenye majani. La pili likaingia begani, nikasikia mfupa ukiitika.

"Nimefanya nini?"

"Koti! Koti lako, muuaji!"

Mkewe Mektrida akatoka jikoni, akamlalia juu. "Tukate wote basi, shetani wewe!"

Watu wakajaa. Picha ikapita mkono hadi mkono. Mawe yakaanza kuruka. Mmoja akaenda kunyonya petroli kwenye pikipiki.

Sylvanus akafika. Aliitazama ile picha muda mrefu kuliko mtu yeyote. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye picha.

Kisha akamwendea Rodrick, akamkanyaga mdomo kwa buti.

"Ndiye. Mmalizeni."

Kilichomwokoa ni Mektrida kukataa kubanduka, na polisi kuwahi kabla ya kiberiti.

Rodrick akatoka hospitali akaenda mahabusu, kesi ya mauaji. Mimi nikalala ndani siku nne. Aliyekuja kunidhamini? Sylvanus.

"Mwanaume ni wewe," akanipiga bega.

Nikataka hakimu apate picha safi, isiyo na michirizi. Nikaibeba printa mpaka Mbuyuni mjini kwa Brenda, mwenye steshenari, ndiye alimuuzia Anyesi wino miaka yote.

"Shikamoo meku, mzee wangu."

"Marahaba. Inachapa na michirizi."

Akatoa karatasi ya mistari. Nyeusi ipo. Nyekundu ipo. Njano ipo. Halafu mahali peupe.

"Bluu imeziba yote. Nani alichomoa waya kichwa kikiwa wazi?"

"Ukoo."

"Hamjachapa kitu cha maana na hii, eti?"

Nikapakodolea pale peupe.

"Maana bluu ikikosekana, kijani chote kinatoka njano."

Aisee. Nilikaa chini sakafuni.

Brenda akalowesha kitambaa kisicho na manyoya, akakitega chini ya kichwa, tukasubiri wino uyeyuke. Akasafisha mara tatu. Mstari wa bluu ukaja nusu. Kisha ukaja mzima.

Tukachapa.

Msitu ukatoka kijani kibichi, umelowa, kama siku ile yenyewe. Na koti likatoka kijani.

Koti la kijani kijijini lilikuwa moja pia. Lililetwa na wafadhili kwa ajili ya mwenyekiti wa kamati ya msitu. Na tangu Anyesi afe hakuna aliyemwona amelivaa.

Niliingia kwenye kikao cha kamati ya msitu bila panga. Nikaiweka picha mezani.

Sylvanus akaiangalia. Safari hii hakuchukua muda. Alininyanyulia kiti, meno yangu manne yakabaki juu ya meza. Akapiga tena. Akapiga tena. Wajumbe ndio walimshika, wakiwa wanaangalia picha na kumwangalia yeye.

Koti likafukuliwa chini ya zizi lake la mbuzi.

Rodrick akaachiwa. Mimi nikafungwa miaka miwili kwa vidole vyake, na sikukata rufaa. Kesi ya Sylvanus inaahirishwa mpaka leo, eti faili halijakamilika. Wangeandika ukweli siku ya kwanza, wale wenye mihuri, Rodrick angekuwa anakamua ng'ombe kwa mikono miwili.

Lakini panga nililishika mimi. Hilo siwabebeshi.

Printa ilinisubiri kwa Brenda, kila Jumatatu akiipa karatasi yake. Sasa naichapisha mwenyewe. Mistari kwanza. Ikitimia, natoa picha moja ya Anyesi, napeleka kwa Rodrick.

Tatu za kwanza Mektrida alizichana usoni kwangu.

Ya nne Rodrick aliipokea kwa ule mkono wa vidole viwili, akaielekeza kwenye mwanga.

"Kijani kimekaa," akasema.

Karibu ndani hajasema. Simdai.

Wewe unayesoma na hasira zako, una picha yako mkononi na unaiamini. Toa kwanza karatasi ya mistari.