Karai la Hooyo na Maua ya Boga

Nianze na ujinga wangu kabla jirani hajawasimulia. Mwezi uliopita nilikula maboga yetu yote ya mwaka huu kwa mlo mmoja, yakiwa bado maua. Sikushawishiwa na mtu. Nilichuma mwenyewe, nikakaanga kwa samli na kitunguu, nikala kwa anjera ya moto na kulamba vidole. Nilipokuwa naosha sahani ndipo nikakumbuka maneno ambayo hooyo, mama yangu, alituimbia utoto mzima: "Yenye shingo nyembamba tunakula. Yenye tumbo tunayaacha yazae." Mimi nilichagua yenye tumbo. Nadhani niliona ni ndugu zangu.

Kosa kama hilo ni la mtoto wa wafugaji. Kwetu hata mwendawazimu hachinji ngamia jike mwenye mimba. Lakini ua? Nani alituambia ua nalo lina dume na jike? Basi nikachinja zizi zima na kusema alhamdulillah.

Ninyi wa rika langu, mliokulia Garissa, mnakumbuka jinsi wengi wetu tulivyofika mtoni. Ukame ulimaliza ng'ombe, na hooyo, aliyekuwa hajawahi kushika jembe, akakodi kipande cha shamba kando ya Tana. Mama Komora, jirani yetu hadi leo, ambaye watu wake ni wakulima wa mtoni tangu hapo, ndiye aliyemwonyesha kwamba ua la boga ni mboga. Jamaa zetu wafugaji wa Eldas walipopata habari walicheka hadi chai ikawatoka puani. "Maryan siku hizi anakula chakula cha mbuzi!" Hooyo aliwajibu kwamba mbuzi wao walikufa na yeye yu hai, tuone nani mjanja.

Mvua za gu', yaani masika, zikishapita tulishuka shambani mara tu baada ya sala ya alfajiri. Nakumbuka ukungu uliolala juu ya mto kama moshi usiotaka kupanda. Nakumbuka matope baridi kati ya vidole vya miguu, na nyayo za kiboko zilizojaa maji katikati ya matuta, maji yenyewe bado yakitikisika, ishara kwamba mwenyewe ameondoka sasa hivi. Hapo ndipo maua yalikuwa yanafunguka. Hayafunguki moja moja. Unatazama tuta la kijani, unageuza shingo kuangalia mto, ukirudisha macho unakuta vinywa vya manjano vimekuelekea wewe.

Halafu ile sauti. Hii ndiyo watoto wa leo hawaniamini nikiwaeleza. Shamba lilikuwa linavuma. Ni nyuki tu, waliolala ndani ya maua, lakini kwenye giza lile jepesi ungeapa ni watu wengi wanaosoma dua kwa sauti ya chini. Hooyo hakuingia kamwe bila kubisha. Aligonga ukingo wa karai lake kwa ukucha, mara mbili, ti-ti. Mvumo ukakatika. Ukimya ule ndio uliotutisha kuliko mvumo. Kisha nyuki wakatoka mmoja mmoja, na yeye akaanza kuchuma. "Hodi ni hodi," alisema. "Wewe ungependa nyumba yako ing'olewe ukiwa umelala ndani?"

Asubuhi moja alifika, akagonga, ti-ti. Na kutoka upande wa pili wa shamba, ndani ya ukungu, tukasikia mtu naye akigonga. Ti-ti.

Hooyo hakuita. Alifunika karai kwa shuka yake na kusema taratibu, "Leo tumetanguliwa. Twendeni." Tulikula ugali wa chumvi siku hiyo na hakuna aliyethubutu kulalamika. Mvua zilizofuata mto ulihama, ukapita pale pale tulipokuwa tunachuma. Shamba likaenda na maji. Hooyo alikuwa amewahi kuleta nyumbani kitambaa kimoja cha mbegu, na kwa mbegu hizo alipanda boga moja uani kila gu', miaka yote, hadi alipotutoka mwaka jana. Baada ya msiba tulikitafuta kile kitambaa. Panya walikuwa wamekimaliza.

Kwa hiyo mwaka huu mmea ulipochipuka wenyewe uani nyuma ya bafu, mahali hooyo alipozoea kumwaga maji ya udhu, nyumba nzima ilitoka kuutazama. Hakuna aliyepanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu yake ya mwisho duniani, na mlinzi wake nikawa mimi, mtu ambaye husali alfajiri kisha hurudi kitandani kama vile hakuna aliyemwamsha.

Na mlinzi akala. Siku ile nakaanga, nilisikia mvumo. Niliinua kifuniko cha sufuria, nikakuta mafuta yametulia. Nilipotoka uani nilimwona nyuki mmoja anazunguka vikonyo nilivyokata, anagusa hiki, anagusa kile, kama mgeni aliyeelekezwa nyumba isiyo yenyewe. Sikuwa nimebisha hodi. Sahra, binti wa dada yangu, alikuja na simu yake, akaniita mjomba kwa Kisomali. "Abti, hicho ni chakula ama ni mapambo?" Akapiga picha, kisha akaenda zake kununua chipsi. Kizazi hiki kitakufa njaa katikati ya shamba kikisubiri pikipiki ilete chakula.

Kumbe jike moja lilikuwa limebaki, chini ya jani, dogo kama punje ya tasbihi. Nikaapa nitaamka kila alfajiri, nigonge karai niwaamshe nyuki wapate kulizalisha, niwe mtu. Nililala siku zote. Nilipochungulia juzi saa ya chai nilitegemea kukuta tumbo lile limegeuka njano na kudondoka. Badala yake lilikuwa limevimba, kijani, linang'aa kama limepakwa mafuta. Boga limeshika, na mbegu zitakuwemo.

Leo kwa aibu niliamka kweli. Karai la hooyo linaning'inia kwenye msumari wake ukutani. Lilikuwa linayumba kidogo, na upepo haukuwepo. Nililishika mpaka likatulia, nikagonga mara mbili, kisha nikasimama pale kwa kanzu ya kulalia nikingojea sijui nini. Enzi zetu shamba zima lilijibu. Siku hizi kuna ua moja la bafuni, genereta ya jirani, na watoto wanaojua maua ya kwenye simu tu. Ningetoa vyote nilivyo navyo nishuke tena mtoni nyuma ya shuka ya hooyo, nikitetemeka.

Mama Komora alinichungulia juu ya ua wa mabati, mswaki mdomoni. Nikamwambia kwa fahari kwamba leo hatimaye nimeanza kugonga karai kama hooyo.

Alitema mate pembeni. "We Bishar, usinidanganye ati leo ndiyo umeanza. Hiyo karai naisikia kila alfajiri, na wewe nakusikia unakoroma."