Kengele ya Dakika Kumi na Mbili

Shangazi yangu alikuwa anakaanga kuku kwa masikio. Mafuta yakipiga kelele, kuku bado. Yakianza kunong'ona, ameiva. Kwa ufundi huo duka la kwanza, lenye meza nne na feni moja mbovu, lilipata foleni mpaka barabarani, na mwenye duka akaona afungue la pili.

Kufika la thelathini na moja, mwenye duka alikuwa anaitwa Mkurugenzi, na masikio ya shangazi hayakutosha tena. Ofisi ikamkalisha na mtu mwenye saa, wakapima: dakika kumi na mbili. Zikaandikwa kwenye kitabu cha kazi, kila kikaangio kikafungwa kengele, na shangazi akavishwa koti la mkaguzi. Kichwa kilimvimba, tusifichane. Hata kwetu nyumbani alikuwa akipita jikoni anatazama saa.

Kisha ofisi ikahamia kwenye kuku wa barafu, wakubwa, wa bei nafuu. Kengele ikabaki ileile. Kuku akawa anatoka na rangi nzuri nje, damu kwenye mfupa. Mara ya kwanza wateja walirudisha sahani. Mara ya pili, wenyewe hawakurudi.

Duka moja tu liliendelea kujaa: la binamu yangu, binti yake shangazi, aliyepewa kibali cha kutumia jina la kampuni kwa sharti la kufuata kitabu neno kwa neno. Naye alikuwa ameichomoa kengele. Alikaanga kwa masikio, kama alivyofundishwa na mama yake akiwa na miaka tisa, amepandishwa juu ya kreti la soda.

Ofisi ikamtuma shangazi akakague. Nilikuwepo siku hiyo, nakula.

"Kengele iko wapi?"

"Kwenye droo, Mama. Onja kwanza."

Akaonja. Akamaliza paja zima, akalamba vidole, akaagiza soda. Halafu akatoa fomu.

"Mama, ukiandika hivyo wananinyang'anya duka."

"Naandika yote. Kwamba umechomoa kengele, na kwamba kuku wako peke yake ndiye aliyeiva. Watajifunza. Msema kweli mpenzi wa Mungu."

Wa Mungu, sawa. Lakini fomu ilikuwa na ndiyo na hapana tu. La kuiva halikuwa na mahali pake, akaliandika pembeni kwa mwandiko mzuri, na ya pembeni nani anasoma? Wiki iliyofuata walikuja mafundi wawili na ngazi, wakateremsha bango, wakabeba na vikaangio.

Binamu yangu hakuzungumza na mama yake kwa miezi minane. Katika miezi hiyo kampuni ilifunga maduka kwa mafungu, na mwisho shangazi naye akaambiwa arudishe koti. Binti yake alikuwa ameshafungua kibanda kisicho na jina, karai moja na jiko la mkaa.

Shangazi alikwenda asubuhi, mikono ya gauni ameshaikunja.

"Nimekuja kukusaidia, mwanangu. Nipe karai nikukaangie."

Binamu hakuinua uso. "Viazi viko kwenye gunia, Mama. Karai ni langu."

Iliuma, hata mimi niliyesimama pembeni. Huyu ni mwanamke aliyefundisha watu mia tatu kukaanga. Alivuta kigoda, akauliza kisu kiko wapi.