Nukta Juu ya Mbili

Wiki iliyopita nilikuwa kijijini kwetu Wambaa kwa hitima ya bibi yangu aliyenilea. Baada ya kisomo nikapita nyuma ya skuli yetu, na dirishani nikaona ubao: mstari wa namba, na juu ya namba nukta za chaki zimepandana. Machozi niliyoyazuia siku tatu yakanitoka pale.

Nilikuwa darasa la tano. Karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini nje, harufu yake imejaa chumba kizima. Mwalimu alichora mstari kama ule, akasema kila mmoja aende aweke nukta moja juu ya idadi ya watu wanaokula kwao.

Kwetu tulikuwa bibi na mimi. Babu tulikuwa tumemzika mwezi ule ule, na bibi, akiwa ndani ya eda, bado alipakua wali upande wa babu katika sinia, akaweka na kichwa cha samaki alichokipenda. Mwisho alikisukuma kwangu.

Nikaweka nukta juu ya tatu. Nikarudi kukaa, lakini moyo haukukaa. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, nimeongopa. Sisi wawili."

Nikaifuta kwa kiganja, nikaiweka juu ya mbili. Ilikuwa peke yake pale.

"Wawili! Basi ukoko wote wako, ewe!" akapiga kelele mtoto wa jirani. Darasa likacheka. Nami sikuweza kukataa, maana ukoko kweli nilikuwa nikiumaliza mimi.

Mwalimu akauliza, "Nyumba nyingi hula watu wangapi?"

"Kumi na mbili!" akajibu yule yule.

"Hiyo ndiyo namba kubwa, lakini ina nukta moja tu. Tazama penye rundo refu."

Nikasema saba, kwa kuwa juu ya saba zilipandana nukta sita. Nilisema kwa sauti, nikiwa na hakika.

"Na ile ya pembeni, ya mbili, tuifute, mwalimu? Inaharibu," akasema mtoto wa jirani.

"Ile ni nyumba ya watu," akasema mwalimu. "Ukiifuta, umewafuta."

Nyumbani nilimweleza bibi kila kitu, nikiogopa ataona nimemtoa babu ndani ya nyumba. Alisikiliza, mwiko mkononi.

"Umesema kweli, mjukuu wangu. Maiti hapakuliwi wali, huombewa dua."

Mchana ule akapakua pande mbili. Ndipo nilipomwona akilia, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku hizi Tibirinzi ninakokaa kila mtu na sahani yake, na saa yake ya kula. Mwalimu naye keshatangulia mbele ya haki. Wageni wa hitima walipoondoka, nilizima moto wa mawe matatu uani, nikafunga mlango kwa kufuli. Ukiniuliza leo nyumba ile hula watu wangapi, nitakujibu wazi: hali mtu hata mmoja.