Ta Koku Kwenye Orodha Yangu

Nimejifungia chumbani kwa hofu hapa Rwamishenye. Mimi na watu wa nchi nyingi tunajitolea kutengeneza maktaba ya fanksheni za kompyuta, yaani vipande vya programu vyenye kazi moja moja; ni programu huria ambayo yeyote anaisoma mtandaoni. Wiki jana niliongeza mfano wa fanksheni ya kuchuja orodha ya majina: wazee wanaolewa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla harusi haijaanza. Kwa ujinga wangu nikaona huko hakuna anayejua Kiswahili, nikamweka wa kwanza Ta Koku wa Ngenge, baba wa mchumba wangu. Jumamosi naenda kujitambulisha kwake.

Leo mkaguzi wetu, anayepitia kila tunachoongeza, anayejiandika kwa herufi mbili tu na niliyemdhania Mzungu, kanijibu:

“Shemeji, mfano unafanya kazi. Nimemsomea baba kwa simu. Anasema Jumamosi uwahi, kabla hajalewa.”