Maji Safi ya Mama Atupele
Nichekeni, lakini taratibu. Juzi nilitumwa Matwebe kueleza mapendekezo ya kanuni mpya: kiwanda kisipewe kibali cha mazingira kabla maji ya mto hayajapimwa na kupata cheti cha ubora. Njia ya mtoni ilikuwa tope tupu, nami nilikuwa na viatu vipya, nikamwomba mwenyeji wangu, Mama Atupele, anichotee chupa moja ya maji ya mto. Mkutanoni nikayapima mbele ya wote, kisha nikainua chupa kwa madaha.

“Tazameni mto wenu ulivyo safi!”

Watu wakatazamana. Mama Atupele akasimama, akanionea huruma.

“Mwanangu, hayo nimeyachemsha, nikayachuja mara mbili. Ningekupaje mgeni maji ya mtoni kama yalivyo?”