Mgeni wa Ishirini na Saba

Binti yangu alipokaribia kuolewa, alinitangazia kwamba wiki moja kabla ya nikahi kutakuwa na mkusanyiko mdogo wa nje, kwenye paki karibu na kwetu Edmonton, mwezi wa Oktoba.

"Nothing fancy, Mum," aliniambia. "Casual tu. Watu wakae kwenye nyasi, wale, wapige picha."

Nimeishi London zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuona nyasi za Oktoba zinazokalika. Ukikaa, unainuka na nusu ya paki nyuma ya gauni lako. Lakini mwanangu amezaliwa hapa, na waliozaliwa hapa wana imani na hali ya hewa yao ambayo mimi sina hata kwa daktari wangu. Nikajibu inshallah, kama wanavyojibu mama wa Kizanzibari wanapotaka kukataa bila ya kugombana.

Sikugombana. Nilianza kupanga, na mimi nikishika kitu cha kawaida hakimalizi siku mbili kikiwa cha kawaida. Sandwichi zake zikageuka sambusa, sambusa zikavuta katlesi, na katlesi zikadai mchuzi wa urojo wa kuogelea. Binti yangu aliandika orodha yake ya vitu vya kubeba: mablanketi manne. Mimi nikaandika yangu: mahema mawili, majamvi sita, viti vya wenye magoti mabovu, birika tatu. Aliisoma akaniuliza kama tunahama.

Ikabaki kualika. Kwetu, mwanamke hutumwa nyumba kwa nyumba, anakaa, anakataa chai mara moja, anakubali, halafu ndipo anasema alichotumwa. Kuanzia Edmonton mpaka Kingsbury na mabasi yake, mwalikaji huyo angefika nyumba ya mwisho bibi harusi ana wajukuu. Kwa hiyo binti yangu alitengeneza kadi ya kutuma kwa simu, nzuri, ina majani ya rangi ya machungwa yanaanguka, akanitaka nimpe majina na namba. Nikakaa mezani nikaandika kama karani wa bandarini. Wa ishirini na sita, daktari wa meno wa mume wangu. Wa ishirini na saba, dada yangu wa Ilford. Wa ishirini na nane, jirani wetu wa zamani. Binti akabonyeza mara moja tu, wote wakapata. Nilijisifu siku nzima.

Dada alijibu baada ya saa moja: "Ahsanteni kwa mwaliko. Mimi na wageni wenzangu tutajitahidi kuhudhuria."

Asiyetujua atasema, mbona mama wa watu kajibu vizuri. Anayetujua ameshashika kichwa. Kwetu dada haalikwi. Dada huambiwa kabla ya mtu yeyote, huulizwa tarehe anaionaje, yeye anaikataa tarehe, wewe unaendelea nayo vile vile, na hapo shughuli inakuwa yake. Ukimwalika, umemwonesha pa kusimama, napo ni nje ya mlango. Ujumbe ulikuwa umeshakwenda, na maji yakimwagika hayazoleki.

Na huyu hakuwa dada wa salamu za Idi. Nilipokuwa nikifanya zamu kwenye nyumba ya wazee, binti yangu alilala kwake Ilford Jumatatu mpaka Ijumaa, miaka saba. Yeye hakujaaliwa mtoto. Alimfundisha wangu kusali, kusuka nywele, na kula samaki bila ya kumeza miba. Mwanangu anamwita yeye Mama. Mimi ndiye Mum. Katika mji huu mzima nina ndugu mmoja, nami nikamweka baina ya daktari wa meno na jirani.

Nilijiambia hasira zitamtoka. Nikampigia simu. Akanijibu kwa adabu!

"Hamjambo huko? Matayarisho yanaendelea? Mungu awajaalie."

Dada yangu hajapata kuniuliza hali kwenye simu. Huanza na lawama, anamalizia na lawama nyingine, halafu anakata. Niliposikia "Mungu awajaalie" nilijua nimeshazikwa.

Binti naye alipojua, hakupiga kelele. "If Mama's not there, cancel it," alisema, akaenda chumbani kwake. Hapo niliogopa. Niliogopa kwamba mtoto ataolewa bila ya aliyemlea, kwa sababu mama yake alikuwa hodari wa kuandika orodha.

Nikaenda Ilford kuomba radhi, kazi ambayo nina kipaji chake kikubwa, maana mara ya mwisho kuifanya sikumbuki. Njiani nilitunga maneno mazuri sana. Yalipokamilika nikaona karibu yote yanaeleza jinsi yeye alivyokosea.

Alinifungulia mlango, akaniketisha sebuleni. Kwake mimi hunywa chai jikoni, kwa kikombe kilichovunjika mkono. Siku ile alitoa vikombe vya mistari ya dhahabu, na biskuti akazipanga kwenye sahani.

"Karibu, mgeni," alisema.

Nilikitazama kile kikombe, na hotuba yangu yote ikanikimbia.

"Dada, sikuja kualika," nikasema. "Nimekuja kuazima sufuria ya urojo. Paki hawaruhusu moto, lazima chakula kiende cha moto kutoka nyumbani. Na shughuli imenishinda."

Machozi yakanitoka, nayo hayakuwemo kwenye hotuba.

"Urojo," alisema dada. "Oktoba. Kwenye majani."

"Ndiyo."

"Nani kachagua?"

"Mwanao."

"Na wewe ukanyamaza?"

Akanichukulia kikombe mkononi, akaenda nacho jikoni. "Sufuria nitaangalia kama ipo," alisema akiwa huko. Sufuria yenyewe ilikuwa juu ya kabati, kubwa hata kipofu angeiona. Hakusema atakuja, nami sikuthubutu kumuuliza.

Siku ilipofika, mvua ilikuwa ile ya London isiyonyesha wala isiyoacha. Mimi na binti tulifika paki saa nne asubuhi, masaa matatu mazima kabla ya wageni, mikono imejaa majamvi. Chini ya mti kulikuwa na mtu amevaa koti juu ya kanga, pembeni yake sufuria imefungwa mablanketi kama mtoto mchanga, na dereva wa teksi anaamrishwa wapi aweke viti. Binti yangu aliangusha majamvi yake kwenye tope, akakimbia.

Mimi nilikwenda polepole. Dada hakunisalimia.

"Jamvi hilo unalitandika juu ya maji, wewe una akili?" alisema. "Lete huku. Wageni wangapi?"

"Arubaini na mmoja," nikajibu.

"Arubaini," alisema, akivuta ncha yake ya jamvi. "Mimi usinihesabu."