Mistari ya Juu ya Kosa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Wanjiru alipopanda ngazi za ofisi yetu pale mjini, mwavuli wake ukichuruzika maji. Hata hakuketi. "Leo nafutwa kazi," akaniambia, "na wewe ndiye utanibebea mkoba." Akacheka, lakini kicheko kikakatika njiani.

Tulikuwa kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo, miaka ile ya elfu mbili mwanzoni. Wanjiru alikaa kwenye kaunta yetu ya sokoni, Kenyatta Market, akipokea maombi ya wateja waliotaka mizigo ikachukuliwe nyumbani kwao. Aliyaandika kwenye kompyuta, nayo ikayatuma mjini kwa laini ya simu. Programu yenyewe ilikuwa skrini nyeusi tu: unaandika amri, unabonyeza enta, inakujibu. Taabu ni kwamba maombi yake yalikuwa yakiingia mara mbili. Dereva anaenda mtaa wa Kitisuru asubuhi, anachukua mzigo, jioni anatumwa tena kwa mzigo uleule, mpaka mlinzi wa geti akamuuliza kama anatafuta mchumba huko.

Bosi aliamua Wanjiru ni mzembe. Sitaki kumsingizia bosi, hakuwa mtu mbaya. Petroli ilikuwa ikiteketea bure.

Mimi nilikuwa nimeishia kidato cha nne, na kuandika programu nilifundishwa kidogo kidogo na Otieno, fundi aliyeitengeneza ile yetu. Nilijua kompyuta huandika yenyewe kila jambo inalofanya, kwenye faili tuliloliita logi, ila kulifungua aliweza Otieno peke yake. Asubuhi hiyo nikamwomba niongeze amri ya kusoma logi, ili yeyote ofisini aweze kujionea. Hakuwa mchoyo. "Jaribu," akasema, "nitaangalia."

Nilidhani namwokoa Wanjiru. Kwa vile logi ni ndefu, nikaiagiza amri yangu ionyeshe makosa peke yake. Bosi akaandika amri hiyo, akabonyeza enta. Skrini ikajaa: ombi limeingia mara mbili, Wanjiru. Ombi limeingia mara mbili, Wanjiru. Hivyo hivyo hadi chini.

"Si mnaona? Huyu anagonga enta kama fundi anayepigilia misumari!" akasema bosi.

Wanjiru akanigeukia. "Asante sana, wakili wangu."

Mzee Salim, karani wetu aliyetoka Mombasa, alikuwa akikoroga chai yake. "Na kabla ya hapo, kijana wangu, paliandikwa nini?"

"Mambo ya kawaida tu, Mzee."

"Wewe ukisimulia ugomvi, waanzia kofi la pili? Hebu rudi ukaonyeshe na hayo ya kawaida. Nawe bosi, tafadhali, mngoje."

Kusema kweli nilinuna. Mbele ya watu wote, jamani! Lakini niliketi, Otieno kando yangu, tukairekebisha amri ionyeshe kila kosa pamoja na mistari iliyolitangulia. Mchana tukasimama sote nyuma ya kiti cha bosi. Skrini ikasema: ombi limetumwa. Chini yake: laini imekatika. Chini yake tena, programu yenyewe ikimwambia Wanjiru: halijafika, tuma tena. Na kumbe lilikuwa limefika. Kila kosa lilianza hivyo. Wanjiru alikuwa akitii tu.

Otieno akajishika kichwa. "Kosa hili ni langu, si lake. Nitairekebisha programu leo."

Bosi akamvutia Wanjiru kiti. "Keti basi. Utakunywa chai?"

"Na mandazi," akasema Wanjiru.

Mwanangu, sikusoma sana, na mara nyingine najiuliza nina haki gani ya kukushauri. Lakini hili nina hakika nalo. Ukipewa kazi ya kumwonyesha mtu kazi ya mwenzake, usimchagulie pale huyo mwenzake alipojikwaa tu. Onyesha alianza vipi, aliambiwa nini, nani alimwambia. Ikiwa ndefu, na iwe ndefu. Riziki ya mtu inastahili kusomwa polepole. Na mzee akikukosoa mbele ya watu, nuna ukitaka, lakini rudi kwenye kiti chako ukarekebishe.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kusoma mistari yote, na siku jina lako litakapokuwa kwenye skrini ya mtu, akujalie msomaji anayeanzia juu.